Krediti ya chuo haimfuati mtoto yenyewe

Kifungua mimba wangu aliposema anataka kusomea uchomeleaji, nilikasirika. Kwetu Kigoma ufundi ulikuwa wa aliyefeli kidato cha nne, na mimi sikuja Columbus, Ohio, na mabegi mawili na watoto watatu ili mwanangu akashike vyuma. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya wageni. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Hakunisikiliza. Miaka miwili ya mwisho ya sekondari, asubuhi alikuwa kituo cha ufundi, mchana anarudi shuleni kwake kwa Kiingereza na hisabati. Akamaliza vizuri, akapata kazi, nikanyamaza. Mwaka wa nne kazini akataka kwenda chuo. Dirishani akaulizwa kama alishawasilisha krediti zake za ufundi, yaani hesabu ya masomo ambayo chuo kinaweza kuyatambua. Krediti zipi? Hakuna aliyetuambia kwamba masomo yale yalikuwa yanahesabika chuoni, nasi hatukuuliza. Anayetaka kuzitumia anatakiwa awe ameingia chuo ndani ya miaka mitatu tangu amalize programu. Za kwake zilikuwa zimeshachacha. Akaanzishwa somo la utangulizi, analipia kufundishwa kazi anayoifanya kila siku.

Kwa mdogo wake, aliyechagua afya, nilikuwa nimeshaamka. Kumbe hapa Ohio kuna milango miwili ya kupata krediti za chuo mtoto akiwa bado sekondari, na wazazi wengi tunaichanganya.

Wa kwanza unaitwa College Credit Plus, upo tangu 2015. Hapo mtoto anasoma kozi ya chuo kabisa, hata kama anaisomea palepale shuleni kwake. Akiwa shule ya umma na chuo kikiwa cha umma, hulipi ada wala vitabu. Lakini gredi atakayopata ni ya chuo na haifutiki. Akipata F, itamkuta mbele siku anaomba nafasi ya uuguzi, na shule inaweza kukudai gharama ya kozi. Kwa hiyo mtoto asiyetulia na vitabu usimsukume huko eti kwa sababu ni bure. Kwa mwaka wa masomo unaokuja, shule inataka kujua nia yenu ifikapo Aprili 1.

Mlango wa pili ndio uliotuponyoka. Kozi ni ya ufundi, mwalimu ni wa sekondari, gredi ya chuo hakuna. Mtoto anafaulu kozi, kisha anafaulu mtihani wa jimbo wa mwisho wa kozi au anapata cheti cha fani yake, kutegemea anasoma nini. Baada ya hapo lazima mtu akijulishe chuo: fomu ijazwe, matokeo yathibitishwe, krediti ziombwe. Kompyuta ya chuo haimjui mwanao.

Binti yangu alisoma istilahi za tiba. Jioni nakata mchicha, yeye ananisomea kadi zake: hepat, ini, nephr, figo, itis, uvimbe. Nikashtuka kuona naelewa barua za hospitali ambazo miaka yote nilikuwa nampa jirani anisomee. Alipofaulu mtihani nilichapisha matokeo, nikayatia kwenye bahasha ninayowekea vyeti vya kuzaliwa. Kabla hajafanya sherehe ya kumaliza shule, fomu ilikuwa imeshafika chuoni.

Hata hivyo usishangilie mapema. Muulize mshauri wa chuo krediti hizo zinaziba somo gani hasa kwenye programu anayoingia mtoto. Zikipokelewa kama somo la hiari ambalo halihitaji, ada haipungui hata senti. Tena utaratibu huu ni wa vyuo vya umma vya Ohio. Chuo binafsi kina uamuzi wake, na mkihamia jimbo jingine mnaanza kuuliza upya.

Mimi siku hizi nauliza kwa barua pepe, kwa Kiswahili changu kilichopitishwa kwenye programu ya kutafsiri, ili jibu nibaki nalo. Kwa mtoto wa kwanza nilitegemea maneno ya koridoni na mwalimu mwema, na habari ya krediti haikutajwa hata siku moja. Mkalimani pia ni haki yako kwenye shule ya umma, mwombe mapema. Usimtumie mtoto mwenyewe akutafsirie kikao kinachomhusu. Wa kwangu alikuwa anaruka sehemu zote zenye neno mtihani.