Mbwa wangu wanapendana wao kwa wao, mimi hawanijali

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina mbwa watatu hapa Kibaha. Simba ni wa kienyeji, ana miaka tisa. Chui na Bahati ni majike, ndugu wa tumbo moja, niliwachukua wakiwa na wiki saba na sasa wana mwaka na nusu. Mchana wote wako bandani, usiku tunawafungulia. Hawa ndugu hawaachani: nikimtoa mmoja, mwingine analia mpaka majirani wanalalamika. Nikiwaita hawaji. Siku hizi wanaumana getini mtu akipita, na wiki iliyopita mlinzi alichunwa na jino mkononi akiwaamulia. Je, nimuuze mmoja?

JIBU: Nzuri, dada. Nianze na mlinzi, maana hilo halisubiri. Jeraha la jino la mbwa, hata likiwa mchubuko tu, huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda kituo cha afya. Wiki imepita, lakini bado aende, tena leo, akiwa na kadi za chanjo za mbwa wote. Kama kuna ambaye hajachanjwa, aseme wazi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua.

Sasa mbwa wenyewe. Hao ndugu si wakaidi. Wamekulia mahali ambapo joto, mchezo na usalama vyote vimetoka kwa mwenzake. Wewe unafika na sufuria ya ugali na dagaa, unaweka, unafunga banda, unaondoka. Mtoto wa mbwa huwazoea walio karibu naye kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Scott na Fuller walilieleza hilo katika kitabu cha utafiti wao wa miaka mingi kilichotoka Marekani mwaka 1965. Wako walikuja wakati mzuri kabisa, ila wakautumia wakiwa wawili peke yao.

Wengi hudhani mbwa akiwa na mwenzake hamhitaji tena mtu. Sivyo. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichunguza mbwa wazima waliokaa wawili wawili katika banda moja kwa miaka. Walipopelekwa mahali pageni, uwepo wa mwenzake haukuzuia homoni za msongo kupanda; uwepo wa mtunzaji waliyemzoea ndio uliozuia. Na mmoja alipoachwa peke yake katika banda lake la siku zote, homoni hizo hazikupanda. Hilo linanipa matumaini makubwa kwa Chui na Bahati, kwa sababu upendo wao hauzibi nafasi yako. Nafasi hiyo bado iko tupu.

Ijaze kwa kumchukua kila mmoja peke yake. Jioni jua likipoa, mvalishe Bahati kamba, beba dagaa wachache, tembeeni njia ileile kila siku. Chui abaki bandani na Simba, akiwa na chakula kidogo cha kumshughulisha. Akilia, kesho fupisha matembezi hata yawe ya dakika mbili, urudi kabla kilio hakijaanza, ndipo uongeze polepole. Kesho yake ni zamu ya Chui. Huko njiani ita jina mara moja tu. Akigeuza hata sikio, msifu, mpe dagaa. Ukiita mara tano naye ananusa nyasi, unamfundisha kwamba jina lake ni kelele tu. Akikutazama usoni kwa utulivu, tulia umtazame: watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana hivyo, oksitosini, homoni inayohusiana na upendo na ukaribu, huongezeka kwa wote wawili.

Ugomvi wa getini una chanzo chake. Mpita njia anawapandisha jazba, hawamfikii, hasira inamwangukia aliye karibu. Ziba nafasi za geti kwa bati wasione nje, na usiwalishe hapo. Jifunze pia kusoma miili yao. Katika mchezo mbwa huinama mbele viwiko chini, na hupokezana kukimbizwa. Ugomvi mara nyingi hutanguliwa na ukimya: mwili unakakamaa, mdomo unafumbwa, mmoja anaweka kichwa juu ya bega la mwenzake. Hapo ndipo pa kuwaita. Wakishashikana, mwaga maji au ingiza ubao katikati, kamwe si mkono. Wala usimchape anayenguruma. Anakuonya mapema, na onyo hilo unalihitaji.

Kuna watakaokushauri umgaragaze mbwa chini ili ajue mkubwa ni nani. Kataa. Wazo hilo lilitokana na kuchunguza mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) wasiohusiana waliofungiwa pamoja. David Mech, aliyewachunguza porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si wageni wanaogombea ukubwa.

Simba mpe pa kulala pake na bakuli lake. Akianza kuwakaripia ghafla, mpeleke akapimwe viungo. Umri wake huja na maumivu.

Kuhusu kuuza, usiamue kabla hujajaribu haya kwa miezi miwili mitatu. Lakini majike wawili wa rika moja wakianza kuumizana kweli, ugomvi wao huwa mgumu kwisha. Ukiona majeraha ya kina, au wanashikana bila sababu, au nyumbani kuna mtoto mdogo, watenganishe siku hiyohiyo na utafute nyumba unayoijua kwa mmoja wao. Aondoke yule aliyezoea zaidi kutembea na mtu bila mwenzake, kwa sababu ndiye atakayeweza kulala nyumba ngeni.