Jibu langu kuhusu paladiamu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kwa nini bei ya paladiamu, ile metali ya thamani, ilivuka dola 3,000 kwa aunsi mwaka 2022, halafu 2024 ikawa inazunguka kwenye 1,000, na kama sasa ndio wakati wa kutia akiba yako humo.

Unakumbuka gari letu la zamani? Fundi alipolifungua kopo la kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi nilikuwa nimesimama pembeni. Ndani ya lile kopo la chuma mlikuwa na kitu cha kijivu, chepesi, chenye vitundu vidogo kama sega la nyuki. Huoni madini yoyote kwa macho, lakini kuta za vitundu vile hupakwa utando wenye gramu chache tu za paladiamu na ndugu zake, nao ndio unaopunguza sumu ya moshi. Sehemu kubwa mno ya paladiamu inayonunuliwa duniani huishia humo, hasa kwenye magari ya petroli. Mnunuzi, basi, ni kama mmoja: viwanda vya magari.

Wauzaji nao ni wachache: Urusi na Afrika Kusini hutoa sehemu kubwa ya paladiamu ya migodini. Tena kule Norilsk, Urusi, hutoka pamoja na nikeli na shaba, na Afrika Kusini hutoka pamoja na platini, metali ndugu yake. Hapa tulia, maana ndipo penye siri yote. Bei ikipanda mara tatu, mwenye mgodi hawezi kuchimba paladiamu peke yake kwa wingi. Ikiporomoka, haachi kuchimba maadamu nikeli inamlipa. Kwa hiyo mzigo hauongezeki wala haupungui upesi, na bei ndiyo inayorukaruka.

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kashfa ya 2015 ya Volkswagen kudanganya vipimo vya moshi wa dizeli, Wazungu wengi walirudi kwenye petroli, China ikakaza masharti ya moshi, na mwishoni mwa 2018 paladiamu ikaipita dhahabu kwa bei. Machi 2022, vita vya Ukraine vikatia watu hofu kwamba mzigo wa Urusi utakatika.

Lakini mnunuzi aliyebanwa hutafuta njia. Kampuni ya magari ya Ford iliwahi kujaza maghala ya paladiamu kwa bei ya juu ikiogopa uhaba. Wahandisi wake wakagundua namna ya kutumia kidogo, bei ikaanguka, na Januari 2002 kampuni ikatangaza hasara ya takriban dola bilioni 1. Safari hii pia, bei ilipopanda, viwanda vilihamia kwenye platini, iliyokuwa ya bei nafuu zaidi wakati huo, na gari la umeme halina ekzosi kabisa.

Wewe umesema fedha hizo ni za ada ya mwakani. Basi usiziguse, mwanangu. Siku ukiwa na fedha zinazoweza kulala miaka kumi bila kukunyima usingizi, niandikie tena, tutazame kwanza mauzo ya magari ya petroli na bei ya platini.

Baba yako