Jibu: Mungu yuko kanisani tu, au na jikoni?
Bwana asifiwe, dada. Umesema Jumapili unamsikia Mungu karibu, ila Jumatatu kwenye biashara yako ya chapati anapotea. Kabla hujaongeza mfungo, angalia kwanza usingizi: anayeamka saa tisa usiku kukanda unga hawezi kusikia kitu, na huo ni uchovu, si dhambi.

Kisha soma Yohana 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha wakatoka kapa. Yesu mfufuka anawangoja ufukweni na moto wa makaa, samaki na mkate, anawaita wafungue kinywa. Hakuanza na mahubiri! Mimi huomba nikichambua mchele, sentensi mojamoja, hata za kulalamikia bei ya mafuta. Kwa nini siku nyingine panabaki kimya, sina jibu. Jaribu, kisha utuambie.