Kuleta madubwana ya kitabu cha 1977 kwenye mchezo wa sasa: nilivyofanya mimi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini waiti, yule mfu anayetembea, uliyemtoa kwenye kitabu cha madubwana cha mchezo wa kusimulia kwa dadu uitwao Dungeons & Dragons cha 1977 aliuawa katika raundi mbili mlipocheza kwa kanuni za toleo la tano la 2014, na umfanyeje basiliski, mjusi ambaye macho yake hugeuza mtu jiwe, uliyempanga kwa Jumamosi ijayo. Nimekuwa msimulizi, yaani mwendesha mchezo, kwa miaka sita, meza yetu iko South B, Nairobi, na kosa lako nililirudia mwaka mzima kabla sijalitambua.

Tumalize namba kwanza. Katika vitabu vile, namba ya kinga ikishuka ndipo dubwana linakuwa gumu kupigika. Toleo la tatu la mwaka 2000 liligeuza hesabu hiyo. Toa namba ya zamani kwenye 20, umepata ya sasa. Troli, lile zimwi ambalo vidonda vyake hujifunga vyenyewe, alikuwa na kinga 4. Ukigeuza unapata 16, na toleo la tano limempa 15, kwa hiyo hujapotea. Uhai, yaani pointi za kustahimili mapigo, ndio unaodanganya. Troli wa 1977 ana dadu sita za pande nane na nyongeza ya 6, wastani wa 33. Wa toleo la tano ana 84. Wahusika wa siku hizi wanaumiza zaidi kwa kila zamu, na ukimleta na uhai wa zamani ataanguka kabla hajatisha mtu. Mimi sihesabu tena. Nachukua namba za dubwana la kitabu kipya lenye hatari ninayoitaka, halafu najiuliza swali moja: wachezaji wa zamani waliogopa nini hasa walipokutana na kitu hiki?

Waiti aliogopwa kwa sababu kila pigo lake lilikunyang'anya leveli nzima, ngazi ya uwezo wa mhusika uliyoihangaikia kwa miezi. Katika toleo la tano anapunguza kiwango cha juu cha uhai wako, unapata nafasi ya kurusha dadu ujiokoe, na hata ukishindwa, ukilala usiku mmoja unaamka mzima. Nilijaribu kwanza ule mtindo wa zamani kama ulivyo. Dada mmoja wa meza yetu, fundi wa simu Luthuli Avenue, mhusika wake alipigwa mara mbili akashuka kutoka leveli ya tano hadi ya tatu. Tulisimamisha mchezo nusu saa tukifuta na kuhesabu upya, chai ikapoa. Hakulalamika, lakini Jumamosi mbili zilizofuata hakuja, na nilijua sababu ni mimi. Mtu anafunga duka, anapanda matatu mbili kuja kucheza, nami nimemfutia jioni zake za miezi miwili kwa dadu mbili. Nilimwomba radhi, akarudi. Kisha nikajaribu mtindo mpya. Hakuna aliyejali, walisema watalala tu.

Mara ya tatu nilimwambia kila mchezaji aandike kwenye karatasi yake majina ya watu watano ambao mhusika wake anawapenda. Pigo la waiti likikupata na ukashindwa kujiokoa, unafuta jina moja kwa mkono wako mwenyewe. Mhusika hamkumbuki tena mtu huyo, wala sura yake. Majina hurudi waiti akiangamizwa kabla ya alfajiri ya tatu. Jina la kwanza kufutwa lilikuwa la mama. Meza ilinyamaza kabisa, na kwa mara ya kwanza kikundi chetu kilimkimbia adui mmoja. Walirudi kesho yake, kesho ya ndani ya mchezo, wakiwa na mpango na silaha za fedha. Namba za mapigano sikugusa hata moja.

Kwa basiliski nakushauri ufuate kitabu kipya bila kusita. Zamani unashindwa mara moja tu, umekuwa jiwe. Sasa mwili unaanza kukakamaa, na mwisho wa zamu yako inayofuata unarusha dadu tena kabla ya kugeuka jiwe kabisa. Zamu hiyo ya katikati ina thamani kubwa. Muulize mchezaji ganzi imeanzia wapi, na anataka kusema nini wakati ulimi bado una uhai.

Kitu kimoja ninachokirudisha kila mara ni namba ya ujasiri ya kanuni za msingi za 1981, inayoamua kama madubwana yataendelea kupigana. Unarusha dadu mbili za pande sita anapokufa wa kwanza, na tena nusu yao wakishaanguka. Ukipita namba yao, wanakimbia au wanajisalimisha. Troli wa vitabu vya mwaka huo ana 10, lakini akishambuliwa kwa moto inashuka hadi 8. Namba mbili hizo zinamweleza troli kuliko ukurasa mzima.

Halafu usisahau kwamba madubwana ya zamani hata sisi tunayo. Nilimleta Nunda mla watu. Wengi mmesimuliwa: paka wa sultani anakula kuku, anakula ndama, na kila watu wakilalamika sultani anajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake, mpaka paka anakula wana wa sultani. Kisha mwana mdogo anatoka kumsaka, anarudi na punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara mama yake anamwambia siye huyo. Nguvu za Nunda nilizipata kwa dakika tano. Kilichonichukua wiki tatu ni kuwapa wachezaji kosa la sultani. Nilimweka kama paka wa nyumba ya wageni walikolala, wakamlisha wenyewe, wakamtetea paka huyo mwenye kuku alipolalamika. Mchezo wa sita walipobeba mzoga wa kifaru hadi mjini na bibi mmoja akasema siye, mwalimu wa hesabu wa meza yetu alishika kichwa. Alikuwa amekumbuka paka.

Kwa Jumamosi yako, basi: mrudie waiti yuleyule kwa kinga 14 na uhai 45. Kabla hamjaanza, waambie wachezaji wazi kwamba usiku huu kuna kitu ambacho usingizi hautakirudisha, kila mtu akubali mwenyewe kucheza hivyo. Na majina yale matano wayaandike kwa penseli.