Ĩ na ũ zinageuka tarakimu kwenye seva: nifute alama?

SWALI

Fundi, hujambo? Natunza masimulizi ya wazee tuliyorekodi huku Murang'a, sauti pamoja na maandishi yake kwa Gĩkũyũ. Vyote viko kwenye seva ya Debian (aina ya Linux) tunayokodi, nami huingia kwa PuTTY, programu ya kuiandikia seva amri, kutoka kwenye laptopu ya Windows. Nikiandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, faili langu la rũgano.txt linaonekana hivi:

'r'$'\305\251''gano.txt'

Nikilifungua kwa cat, amri ya kuonyesha yaliyomo, kila penye neno rũgano panasomeka rÅ©gano. Kijana anayetusaidia mambo ya kompyuta anasema nibadilishe majina yote nifute alama zilizo juu ya herufi, eti Linux haizitaki. Mafaili ni mamia. Nifanyeje?

Mtunza kumbukumbu, Murang'a

JIBU

Sijambo, ndugu yangu, na umefanya la maana kuninakilia kile hasa unachokiona, maana jibu limo humo humo. Usibadilishe jina hata moja. Mafaili yako ni mazima. Linux huhifadhi jina la faili kama mfuatano wa baiti, yaani namba ndogo ndogo za kompyuta. Inachokataa ni mkwaju (/) na baiti ya sifuri, mengine yote inapokea. Tena ukianza kufuta alama, mafaili mawili yanayotofautiana kwa alama pekee yatagongana jina, na mv, amri ya kubadilisha majina, italifunika mojawapo bila kukuuliza. Isitoshe, Gĩkũyũ ina irabu saba. Ukiandika i mahali pa ĩ umeandika irabu nyingine kabisa, na kwenye hazina ya maneno ya wazee hilo mimi silikubali hata kidogo.

Sasa zitazame hizo tarakimu. 305 na 251 ni baiti mbili zilizoandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane. Kwa UTF-8, yaani utaratibu wa kuandika herufi za lugha zote kwa baiti, hizo mbili pamoja ndizo ũ. Nayo ĩ ni 304 na 251. Jina limehifadhiwa sawasawa. ls inakuandikia tarakimu kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba baiti hizo ni za UTF-8. Ile rÅ©gano ina chanzo kingine: cat imetuma baiti zile zile bila kuzigusa, na PuTTY ikazisoma moja moja kwa kufuata ISO-8859-1, orodha ya zamani ya herufi, ambamo 305 ni Å na 251 ni ©. Kwa hiyo una kasoro mbili, moja kwenye seva na nyingine kwenye laptopu. Ukirekebisha moja tu, ls itaendelea kukupa takataka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaanza kufuta alama.

Anza na laptopu. Fungua PuTTY, chagua seva yako ubofye Load, nenda Window, kisha Translation, na pale penye Remote character set weka UTF-8. Rudi Session ubofye Save, la sivyo kesho utakuta mpangilio wa zamani. Ingia kwenye seva uandike:

printf 'r\305\251gano\n'

Amri hii haijali seva imepangwaje. Inatoa baiti basi. Ukiona rũgano, upande wa laptopu umekwisha. Ukiona kisanduku kitupu, fonti ndiyo haina herufi hiyo. Weka DejaVu Sans Mono.

Kwenye seva, uliza inatumia orodha gani ya herufi:

locale charmap

Bila shaka itakujibu ANSI_X3.4-1968, ambalo ni jina rasmi la ASCII, yenye nafasi 128 tu. Tunachotaka iseme ni UTF-8. Jaribu kwanza kwa amri moja isiyobadilisha chochote:

LC_ALL=C.UTF-8 ls

Majina yakitoka vizuri, ongeza mstari huu mwishoni mwa ~/.bashrc, faili la mipangilio yako, kisha utoke uingie upya:

export LANG=C.UTF-8

Debian huja na mpangilio huu wa C.UTF-8 tayari, kwa hiyo huhitaji ruhusa ya msimamizi. Utakutana na watu wanaoshauri LC_ALL ndiyo iandikwe moja kwa moja ndani ya .bashrc. Mimi nakataa. LC_ALL hufunika mipangilio mingine yote, na siku utakapotaka kugeuza kimoja tu, tuseme namna ya kuandika tarehe, utahangaika kutafuta kwa nini hakisikii. Iache iwe ya majaribio. Na kama kuna mtu alikwisha kuiweka, LANG yako haitafanya kazi. Andika locale peke yake uangalie mstari wa mwisho.

Wewe mwenye orodha ndefu utagundua jambo lingine: C.UTF-8 hupanga herufi kwa namba zake, hivyo ũ huja baada ya z. Ukiweza kumpata msimamizi, mwombe afungue /etc/locale.gen, aondoe alama ya # mbele ya sw_KE UTF-8, kisha aendeshe locale-gen. Halafu LANG yako iwe sw_KE. Naam, Kiswahili cha Kenya kimo, na cha Tanzania pia, sw_TZ. Hapo ũ itakaa jirani na u, mahali pake.

Kuna ushauri wa zamani ambao huenda mtu akakupa: kwamba seva nayo iwekwe ISO-8859-1 ili pande zote mbili zilingane. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wenye majina ya Kifaransa waliweza kupata é na è kwa njia hiyo. Kwako haitafaa. Orodha ile ina nafasi 256 zilizogawiwa lugha za Ulaya Magharibi. Ĩ na ũ za Gĩkũyũ na Kĩkamba hazimo. UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, inazibeba pamoja na za Wafaransa, Waarabu na Wachina.

Na kama mnatumia git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya mafaili, kutunza hayo maandishi, usishtuke \305\251 zikirudi kwenye git status hata baada ya kazi yote hii. Ndivyo git inavyofanya usipoipanga vingine. Mwambie kijana wenu aandike hivi mara moja:

git config --global core.quotepath off