Gavana akishuka ndege, nani anajibu barua?

Mmeuliza wiki hii: kaunti ijitangaze vipi ng'ambo, na je, hiyo si kazi ya Nairobi? Nianze na la pili, maana ndilo linalowatia maafisa wengi baridi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa mambo ya nje na biashara ya kimataifa. Kaunti haina balozi. Lakini jedwali hilohilo linaikabidhi kilimo, afya ya kaunti, vyuo vya ufundi vya vijijini, utamaduni na utalii wa mashinani. Mwaka 1965 waziri wa Quebec, jimbo la Kanada, Paul Gérin-Lajoie, alijenga hoja ya aina hii: lililo mikononi mwa jimbo nyumbani, jimbo lina haki ya kulizungumzia nje. Ofisi yao ya Paris, iliyofunguliwa 1961, bado ipo. Catalonia, jimbo la Hispania, ilikuwa na shirika la Diplocat, lililoalika wanahabari na kuandaa mijadala Ulaya. Mwaka 2017, katika mvutano wa kura ya kujitenga, Madrid ililivunja, na baadaye likafufuliwa. Ukienda nje kuishtaki nchi yako, usishangae mlango ukifungwa.

Kwa hiyo Kisumu ikiandikia Roanoke au Boulder, miji dada yake kule Marekani, isipeleke salamu tupu. Ipeleke ombi la ukurasa mmoja: wauguzi wangapi wafunzwe nini, mwezi gani, na nani analipia nini. Nauli, malazi na bima kila kimoja kiwe na mstari wake. Bima ya afya husahaulika sana, na vilevile tiketi ya kipande cha Nairobi hadi Kisumu, kisha watu wanaanza kuchangishana uwanjani. Hati ya maelewano isomwe na wakili wa kaunti kabla ya kalamu kugusa karatasi. Yakijipenyeza maneno ya mkopo, Ibara ya 212 inadai dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti.

Kwangu mimi, shilingi inayomleta mgeni huku ina kazi kubwa kuliko inayompeleka mheshimiwa kule. Tangu Januari 2024 wageni wengi huomba kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kupanda ndege, basi barua ya mwaliko itoke mapema, ikiwa na tarehe na mahali pa kulala. Siku tatu zatosha, ila asubuhi moja nzima iwe ya Dunga, ufuo wa wavuvi hapo Kisumu, bila hotuba. Mwanahabari akikuta gugu maji limefunika ghuba, asifichwe. Apelekwe kwa mafundi wanaolikata mashina, wakayaanika juani mpaka yageuke kahawia, kisha wakasuka vikapu na viti. Aguse, aulize bei, aulize pia mvuvi aliyeshindwa kutoa mashua siku hiyo. Mkimfungia hotelini, ataandika juu ya gugu aliloliona dirishani, na hamtakuwa na la kumjibu.

Maonyesho ya ng'ambo ni ghali kwa kaunti moja. Jumuiya ya kaunti 14 za ukanda wa ziwa ingeweza kukodi kibanda kimoja: chai ya Nandi, mawe ya sabuni ya Tabaka, vikapu vya Dunga.

Tatizo lenyewe huanza baada ya mkutano. Mei 2022 Kisumu ilipokea Africities, mkutano mkuu wa miji ya Afrika, ikiwa mji wa kwanza wa kadiri yake kupewa mkutano huo. Shughuli kama hiyo huacha rundo la kadi za biashara, na miezi mitatu baadaye nchi ilikuwa uchaguzini. Kadi hizo ziingizwe kwenye daftari la ofisi ndani ya wiki moja: jina, alichoomba, alichoahidiwa, siku ya kumjibu. Barua pepe iwe ya kaunti. Afisa akitumia ya kwake, siku akihamishwa anaondoka na ng'ambo yote mfukoni.

Awepo basi mtu mmoja wa kudumu, si mteuliwa wa kisiasa, wa kufuatilia. Saa kumi na moja jioni ya Kisumu ni saa mbili asubuhi Boulder katika miezi yao ya joto. Kati ya Novemba na Machi ni saa moja, mwenyeji hata chai hajanywa. Afisa huyo aruhusiwe kubaki kazini hadi saa moja usiku, na nauli ya kumrudisha nyumbani iwekwe kwenye bajeti.