Barua kwa mwanangu: Ulipouliza kama sisi ni tabaka la kati

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwenzako kazini alitamka "sisi watu wa tabaka la kati" akakuhesabu na wewe humo, na tangu siku hiyo hujatulia. Unaniuliza mambo mawili: je, wewe sasa ni mtu wa tabaka hilo? Na sisi wazazi wako, ulipokuwa mdogo, tulikuwa nani?

Nianze na hilo la pili, kwa sababu kuna jambo hatukuwahi kukuambia. Ulipokuwa darasa la nne, baba yako alipunguzwa kazi, akakaa miezi 11 bila mshahara. Wewe unaukumbuka kama mwaka uliohamishwa shule. Tulikuambia ile mpya iko karibu na nyumbani, na kweli ilikuwa karibu, ila hatukukuhamisha kwa ajili ya mwendo. Ada ilitushinda.

Kabla ya hapo majirani walituona wenye nacho. Tulikuwa na makochi, televisheni, gari. Mwezi wa tatu tukaanza kuuza, na tuliuza vya chumbani kwanza: kabati, kitanda cha wageni, cherehani yangu. Vya sebuleni hatukuvigusa, ili anayeingia asishtuke. Gari lilikuwa la mkopo, wenye deni wakalichukua. Tukasema liko gereji. Nimeyawaza sana haya. Tuliogopa kuonekana tumeshuka kuliko tulivyoogopa kushuka kwenyewe, na woga huo ulitugharimu, maana makochi yale yangelipa ada yako ya muhula mzima.

Hata hivyo hatukufika chini. Mshahara wangu wa ualimu, mdogo ulivyokuwa, ulifika kila mwezi. Mjomba wako alitukopesha bila kututajia siku ya kulipa, naye aliweza kwa sababu alikuwa na akiba. Baba yako alikuwa na vyeti vyake na alijua kuandika barua ya maombi na kuzungumza mbele ya wasaili. Sasa mkumbuke jirani yetu fundi. Siku ikiwa nzuri alipata pesa kumzidi baba yako. Mwaka uleule aliugua miezi miwili tu, akafunga karakana, wala hakuifungua tena. Kwa kipato tulikuwa sawa naye, pengine alitupita. Tulichomzidi ni vitu vya kushikilia wakati wa kuteleza.

Kwa tajiri na maskini tuna maneno tele: mwenye nacho na asiye nacho, kigogo na kabwela, na mlalahoi. Wa katikati hana jina lililozoeleka hivyo, ndiyo maana kila mtu huvuta mpaka pale anapotaka yeye. Wachumi nao vilevile. Wapange watu wa nchi nzima kwenye mstari, kuanzia mwenye kipato cha chini kabisa hadi cha juu kabisa, umtafute aliyesimama katikati. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, katika ripoti yake ya 2019, liliwahesabu tabaka la kati wale walio kati ya asilimia 75 na asilimia 200 ya kipato cha huyo wa katikati, likizingatia pia ukubwa wa kaya. Usiliruke hilo la kaya: mshahara unaolisha mtu mmoja si mshahara uleule ukilisha sita.

Benki ya Maendeleo ya Afrika, mwaka 2011, ilimhesabu kila anayetumia dola 2 hadi 20 kwa siku, ikapata zaidi ya watu milioni 300 barani. Lakini takriban asilimia 60 yao walikuwa kwenye dola 2 hadi 4, na ripoti yenyewe ikawaita wanaoelea. Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa nilijiona mimi na fundi wetu ndani yake.

Kipimo ninachokiamini ni cha watafiti wa Benki ya Dunia walioichunguza Amerika ya Kilatini. Wao walitazama uwezekano wa mtu kuangukia umaskini ndani ya miaka mitano. Tabaka la kati wakaanza kulihesabu pale uwezekano huo uliposhuka hadi mmoja katika kumi, kwenye dola 10 hivi kwa siku. Aliye chini ya hapo, hata kama si maskini, walimwita aliye hatarini. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, walilinganisha kaya za nchi 13 katika makala yao ya 2008. Biashara za watu wa kati walizikuta ndogo, nyingi hazikui. Kilichowatenga hasa na maskini kilikuwa ajira ya kudumu, yenye mshahara wa kutegemewa.

Sasa wewe. Mshahara wako ni mzuri, nami najivunia jasho lako. Lakini mkataba wako ni wa mwaka mmoja mmoja, gari ni la mkopo kama lilivyokuwa letu, nyumba ni ya kupanga, na kila mwezi unagawa kwa wadogo zako na kwangu. Kipato cha tabaka la kati unacho, kinga yake bado. Usikubali wenzako wakuhesabu humo halafu ukaanza kununua vya kufanana na hesabu yao.

Ninakuomba uketi na karatasi uandike: mshahara ukikatika leo, utasimama miezi mingapi bila kuuza kitu wala kukopa? Niletee idadi hiyo, hata ikiwa sifuri. Na fungu unalonitumia, lipunguze nusu kwa mwaka huu, nusu nyingine iwe akiba yako. Nimepiga hesabu, nitaweza.

Miezi ile 11 niliandika kila kilichoingia na kilichotoka kwenye daftari. Bado ninalo. Ukija tutalisoma pamoja, tuanze na ukurasa wa cherehani.

Mama yako